Vituo Vyako vya Barabara ya Ishirini na Nane

Gaithersburg,
Jumapili, 19 Oktoba

Baba mpendwa,

Nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniambia niyaache. Jana Mama aliendesha gari. Si kwenda dukani tu. Alishika Barabara ya Ishirini na Nane mpaka kazini kwake, kwa yule bibi mzee anayemtunza, kule mashambani mbele ya Dickerson, na akarudi.

Tangu ulipotutoka, Shangazi amekuwa akipiga simu kutoka Columbia Heights, kule mjini. "Wifi, leseni yako imekaa kwenye pochi kama picha ya ukumbusho. Hamieni huku, treni iko mlangoni." Mama alikaribia kukubali, maana kazini kwake hakufikiki bila gari, naye aliogopa kuendesha, na wenzake waliompa lifti walianza kuchoka. Mimi sikutaka kuiacha nyumba hii. Koti lako bado linaning'inia nyuma ya mlango, Baba.

Basi nikamwambia, "Mama, njia naijua. Twende kwa vituo vya Baba."

Unakumbuka ulivyoigawia vituo barabara isiyo na basi? Penye taa za Darnestown ulipaita Kwaheri Mjini. Kisha Kwa Maboga. Kisha Ng'ombe Mmoja, ingawa siku hizi wako wengi. Mama alisema safari nzima haiwezi, ila kufika Kwa Maboga anaweza. Tukafika. Nikamtajia kinachofuata. Lori likatupigia honi nyuma. "Apige tu," Mama akasema, "na yeye alijifunza." Baada ya Beallsville simu ilikosa mtandao, ramani ikaganda. Nikaendelea kutaja.

Halafu Dickerson, chini ya daraja la treni. Pale ulikuwa ukiinamisha kichwa kila mara na kusema, "Inama, mwanangu, tusikwaruze reli." Mama alikuwa ameng'ang'ania usukani, midomo ameibana. Tulipofika chini ya daraja, akainama. Nami nikainama. Tulicheka mpaka akaegesha pembeni, akalia kidogo, akajifuta, akaondoa gari.

Bibi alikuwa akitungoja kibarazani. Alinisimulia jambo ambalo hukuwahi kulisikia: babu yake alipita njia hiyohiyo ikiwa udongo mtupu, akipeleka maziwa stesheni kwa gari la farasi. Nao walikuwa na majina yao. Kilima kimoja walikiita Mwagamaziwa. Nilifurahi sana, Baba. Ningependa ungekuwepo ukakipanda.

Jioni Mama alimpigia Shangazi yeye mwenyewe. "Wifi, hatuhami. Jumapili ijayo tunakuja kula kwako, na tunakuja na gari, kwa hiyo pika cha kutosha." Shangazi akapiga vigelegele mpaka Mama akaisogeza simu mbali na sikio.

Vituo vyako nitavitunza, na Mwagamaziwa nimekiongeza. Mama ameahidi kwamba majani yakiisha kupukutika tutaifuata barabara mpaka inapoishia, Point of Rocks, karibu na mto. Huko hukuwahi kunifikisha. Ulisema kituo cha mwisho utanitajia siku tutakapofika.

Pumzika, Baba. Safari hii anaendesha Mama, nami nitakaa mbele kutaja vituo. Lakini naomba unijibu kabla hatujaondoka: kile cha mwisho, ulitaka tukiiteje?

Binti yako,
Rehema