Maji ya Kuoga ya Mama

Mama,

Tangu mtumbwi wenu uzame mkitoka kisiwani Chisenga, ziwa halijakurudisha. Tumemaliza matanga bila kaburi. Nimerudi kutoka chuoni Mansa na vitabu vyangu vya saikolojia, vile ulivyokuwa ukinicheka navyo: "Unasoma bichwa ya batu, yako utaisoma siku gani?"

Nakuandikia kwa ajili ya Sifa. Mdogo wangu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, yule aliyekuchosha kwa maswali, hajatamka neno tangu habari ifike. Lakini kila alasiri anawasha mbaula ya makaa, anachemsha maji yako ya kuoga, anapeleka beseni na sabuni nyuma ya nyumba, kama ulivyomzoesha siku za kurudi kwako na harufu ya samaki. Anasimama pale mpaka yapoe. Kisha anayamwaga, analala bila kula.

Mama mdogo anasema, "Huyu mutoto iko na pepo." Anataka kumpeleka kwenye kambi ya maombi, ambako wanawafungia watu ndani bila chakula. Nilimwomba aniachie kwanza, mimi niliyesomeshwa.

Nadharia zangu zikagombana kichwani. Wale wa tabia wangesema ni mazoea tu: ficha mbaula, mpongeze akitulia, yataisha. Wale wanaochimba utoto wangerudi hadi siku tuliyokimbia Congo, waseme kilio hiki ni cha zamani, sasa kimepata mlango. Wa ubongo wangemwandikia vidonge, na kliniki haina. Wa fikra wangetafuta wazo moja lililopinda: kwamba akiacha kuchemsha, yeye ndiye atakayekuua. Hilo liliniuma, maana naamini ndilo. Wengine wanasema keti naye, mkubali alivyo. Nimeketi, Mama. Hakugeuza hata shingo. Kila mmoja ameona kipande cha Sifa, na hakuna aliyekujua wewe.

Jana mama mdogo alifunga mfuko wa nguo za Sifa. Maji yalikuwa tayari. Sikukumbuka kitabu chochote. Nilivua, nikaoga maji yako.

Sifa alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Alinipiga ngumi mgongoni. Halafu akakaa kwenye matope ya sabuni, akasema, "Mama hatarudi tena, yaya." Tukalia pale pale, mimi nikiwa bado na povu.

Mfuko uko mlangoni. Hatapelekwa kambini nikiwa hai, hilo nakuahidi. Pumzika, Mama, popote maji yalipokulaza.

Leo hakuwasha mbaula. Sijui kama nimemponya, au nimekuzika tu.