Kilimi Tulikikata Mara Mbili

Mama Victorine mpendwa, nakuandikia kutoka Kasongo, naomba msaada wako maana moyo umenielemea. Mume wangu Amuri alianza kulalamika wakati wa kuvuna mpunga, akasema, "Asma, bugali inakwama hapa," akigusa kifua, na kwa kuwa kwetu koo likisumbua watu husema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka, nikampeleka Wamaza kwa pikipiki akakatwe, tukangoja apone, hakupona, nikampeleka tena, na muuguzi wa mtaani alikuwa ametuhimiza twende hospitali mapema nikamjibu kwamba yeye ni mtoto wa juzi, basi miezi saba ikapita hivyo, Amuri akaacha bugali, akaacha wali, sasa hata uji anaumeza kwa shida na amebaki mifupa.

Juzi nikamfikisha hospitali, daktari akaniita pembeni akasema ni kansa ya njia ya chakula, imeshafika kwenye ini na haiwezi kuondolewa tena. Anataka kumwekea mpira tumboni wa kupitishia chakula. Shemeji yangu Moussa hataki, anasema, "Usimuambie kitu. Tumupeleke Kabambare, kule iko mutu anajua kukata kilimi kuliko ule wa Wamaza." Mama, najuta sana, mimi ndiye niliyempeleka. Nimwambie ukweli au ninyamaze?

Asma

Asma mdogo wangu, pole sana. Kansa hukuileta wewe. Lakini miezi ile uliipoteza, sitakudanganya: ugonjwa huu ukionekana mapema, mtu angali anakula na ana mwili, nafasi ya kuishi huwa kubwa zaidi. Na muuguzi yule kamwombe radhi, bado utamhitaji.

Kabambare msiende. Kansa iko chini kifuani, kilimi kiko juu kooni, na barabara ile itamchosha bure. Moussa mpeleke kwa daktari akasikie mwenyewe. Mpira hautaondoa ugonjwa, ila unaweza kumpunguzia njaa. Muulizeni daktari kama mwili wake bado unauweza, na dawa za maumivu msisahau kuziomba. Lakini mwili ni wa Amuri, na hawezi kuamua jambo mnalomficha. Keti naye leo, wewe mwenyewe, umtajie ugonjwa kwa jina lake, halafu muulize anataka nini.

Habari ya kujuta kwako usianze nayo. Ukilia mbele yake kuomba msamaha, nguvu kidogo alizobaki nazo atazimaliza kukubembeleza wewe.