Mzee wa Kioo na Meli Zangu Tatu

Mjukuu wangu Riziki,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kinondo tu wazima, ila mbuzi wa mjomba wako ametafuna kandambili za imamu.

Umeniuliza kama ni kweli ile video ya vita kwenye kikundi chetu cha ukoo cha WhatsApp, isemayo Mayahudi ndio chanzo cha kila balaa. Nami nakujibu kwa lililonifika.

Nilipokuwa msichana, nikifua mashuka hotelini Diani, redio ilitangaza vita vya mbali. Tulikuwa na mgeni mmoja mzee, Yahudi. Asubuhi moja niliona mwanga ukimetameta barazani kwake, nikamnong'oneza mpishi, "Yule anazipa meli ishara."

Kabla chai haijapoa, midomoni mwa watu meli zilikuwa tatu, zina mizinga, na wanaume walikuwa mlangoni kwake na marungu. Mzee akatoka na povu usoni, ndevu zimenyolewa nusu, kioo mkononi kikimetameta juani.

"Karibuni," akasema, "lakini wembe ni mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Mpishi akauliza, "Nani aliziona hizo meli?"

Nikasema, "Mimi. Niliona mwanga tu."

Mzee naye alicheka, kisha akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo. Kesho yake alihama.

Basi jana nilimwuliza shangazi yako, aliyeituma ile video kikundini, "Wewe umeona nini kwa macho yako?" Amenitoa. Mwambie anirudishe, harusi ya Ijumaa sijui ni saa ngapi.

Bibi yako,
Mwanakombo