Visawe Kwenye Kola

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu kwamba halijambo, maana wewe hata ukiwa umelala kitandani huwezi kugeuka utasema u mzima. Niambie ukweli: unapanda ngazi, au bado unaita watu wakushushie vitu? Sisi huku wazima. Wifi yako kikohozi kimemwacha, na sasa ana sauti ya kutosha kunikaripia kutwa. Kazi ya udobi inakwenda. Ile pasi ya mvuke ya zamani imekata roho, nimepata nyingine, na magauni ya harusi hayaishi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, dada, nakujua. Hili ninalotaka kukuambia halitaki kukatizwa, kwa hiyo kaa, vaa miwani, usome mpaka chini. Usiruke kwenda kuangalia mwisho.

Mwanetu Chiriku amefanya mtihani wa kuingia ile shule niliyokuambia, ile yenye maktaba kubwa. Mwalimu wake alisema hesabu hazimsumbui, ila kuna sehemu ya msamiati inayowaangusha wengi: unapewa neno la sifa, unatakiwa uandike visawe vyake vitatu au vinne. Yule mtoto kwa kusema hana mpinzani, jina la Chiriku hakupewa bure, lakini kwake kila kitu kilikuwa kizuri sana au kibaya sana. Chai nzuri sana, mvua mbaya sana, mwalimu mzuri sana. Nikamwambia, mwanangu, kwa maneno mawili hayo hufiki popote.

Basi tukaanza kujifunzia dukani. Akitoka shule anakuja kukaa kwenye kigoda nyuma ya meza ya pasi. Mimi nanyoosha, yeye anaandika. Tulitumia vile vijikaratasi tunavyobana kwa pini kwenye kola ili nguo za wateja zisichanganyikane. Mbele namba ya mteja, nyuma neno la sifa na visawe vyake. Nikichukua shati nasoma neno la kwanza kwa sauti, naye anataja yaliyobaki bila kuangalia. Mpole, mtaratibu, mnyenyekevu. Mtundu, mtukutu, mkorofi. Kwa bahili alitaja mchoyo na mnyimivu, halafu akaongeza mkono wa birika, wifi yako akacheka mpaka akaangusha suruali ya mtu kwenye ndoo. Nilimwambia mtoto mkono wa birika ni wa nyumbani, mtihani unataka neno moja. Kusema kweli nilikuwa naona raha, dada. Saa ya kufunga duka ikifika, nilikuwa sitaki kufunga.

Mambo yakaharibika siku ya Jumamosi, wateja wamejaa hadi mlangoni. Mwanasheria mmoja, mtu mzima wa heshima zake, alikuja kuchukua koti lake jeusi mbio mbio. Siku zote nachomoa kijikaratasi kabla ya kumkabidhi mtu nguo yake. Siku ile nikapitiwa. Jumatatu akalivaa kwenye kikao, akasimama ubaoni kuwaeleza wenzake mambo, amewapa mgongo, na shingoni kinaning'inia: mvivu, mzembe, mlegevu, goigoi. Loo! Wenzake, kwa roho zao nzuri, walimwacha amalize ndipo wakamwambia.

Alikuja dukani anawaka. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Akataka kujua nani aliyeandika, na kabla sijafungua mdomo Chiriku akasimama akasema ni yeye. Yule bwana hakufoka. Alimwambia taratibu tu kwamba maneno si ya kuchezea, ukikosea mahali pasipofaa unaumbuka mbele za watu. Nadhani angefoka ingekuwa afadhali. Wiki nzima mtoto hakugusa karatasi. Nilimweleza kwamba kosa la kuacha pini lilikuwa langu, si lake. Tukarudia kujifunza kidogo kidogo, ila kicheko hakikurudi. Baadaye mwanasheria mwenyewe alileta suti mbili, akasema ofisini sasa wanamwita Goigoi na ameshazoea. Nilipomsimulia Chiriku, hata hakutabasamu.

Asubuhi ya mtihani tulifika mapema. Watoto wanaingia na kalamu zao, wazazi tumejipanga ukutani. Chiriku akafika getini, akaganda. Akaniambia haingii. Akasema dukani akiharibu mimi nachomoa pini na yamekwisha, lakini humo ndani akiharibu hakuna wa kumchomolea. Nikambembeleza kwa maneno yote niliyokuwa nayo, kwamba yeye ni hodari, shupavu, jasiri. Akanijibu kwamba hivyo ni visawe tu. Kengele ikapigwa. Mlinzi akaanza kusukuma geti, na mimi nikaona kabisa mwanangu anaikosa ile shule mbele ya macho yangu.

Ndipo nikamwambia harakaharaka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yake. Sasa nakuambia na wewe.

Dada, ule mtihani wangu wa kuingia sekondari sikufeli. Sikuufanya. Asubuhi ile ulinipigia shati pasi, ukanipa kalamu yako mwenyewe, ukanisindikiza mpaka kwenye kona. Nilifika getini, nikaona wale watoto wenye viatu vinavyong'aa, nikageuka. Nilijibanza nyuma ya karakana ya seremala hadi wenzangu walipotoka, nikarudi nyumbani, nikakuambia mtihani ulikuwa mgumu. Majina yalipobandikwa langu halikuwepo; lingekuwepo vipi? Neno langu la siku ile ni mwoga, na silitafutii kisawe.

Kama ningekuwa nimejidhuru mwenyewe tu, ningenyamaza mpaka nazikwa. Lakini nilikuona. Ulisema kosa ni lako, kwamba wewe wa darasa la saba ulinilisha maneno yasiyotosha. Kabla ya hapo watoto wa jirani walikuwa wanajaa barazani kwetu kila jioni na madaftari yao, unawafundisha huku unachambua mchele. Ukawaambia wasije tena. Ukasema kama umeshindwa kumfundisha wa tumbo moja na wewe, wa watu utawaweza wapi? Na mimi nimekaa pale pale, nakula chakula ulichopika, nimefunga mdomo. Miaka thelathini na moja. Nisamehe, dada. Sina cha kujitetea.

Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, na la kwanza aliloniuliza ni kama shangazi anajua. Nikasema hapana. Akaniambia basi tupatane: yeye aingie, na mimi nikuandikie. Nikampa mkono. Akamkimbilia mlinzi, akapenya kwa ubavu, begi likakwama, akalivuta, akaingia. Nilibaki pale nje natokwa na machozi mbele ya wazazi wenzangu, wala sikuona haya.

Nilitakiwa nikuandikie jioni ile ile. Nimeburuta wiki tano, leo kesho, leo kesho. Jana majibu yametoka. Amechaguliwa! Kwenye msamiati amepata ishirini na tisa kati ya thelathini. Alipomaliza kurukaruka, aliniwekea karatasi na kalamu juu ya meza ya pasi, akasema yeye ameshaingia, bado mimi.

Sasa kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Maneno yale niliyomfundisha sikuyatoa kwenye kitabu. Uliyonikaririsha wewe, ukiosha vyombo na mimi nikisuuza, ndiyo hayo hayo, kwa mpangilio ule ule. Sikusahau hata moja. Mafunzo yako yamekaa miaka yote hii hayajafanyiwa mtihani, dada. Sasa yamefanyiwa, na umeona yalichopata.

Msalimie shemeji, na wote hapo nyumbani. Wifi yako anakuamkia. Chiriku naye anakuamkia, na ameshaamua bila kuniuliza kwamba likizo hii anakuja kwako. Ukinikasirikia nitaelewa, na ukichelewa kunijibu nitangoja. Ila moja nakuomba usilicheleweshe. Nasikia mtaa uliohamia umejaa watoto. Wafungulie mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba