Shahidi Niliyemleta Mwenyewe

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Daftari langu, samahani. Nimekutupa kabatini miezi saba na hukunikosea lolote. Sababu ninayo, na nitaieleza mara moja tu. Tarehe 9 Machi niliandika habari za misa ya siku ile: mahubiri, barafu mlangoni, kwaya iliyochelewa. Kisha nikageuza ukurasa na kuziandika tena zote, kana kwamba sijaziandika. Niligundua kesho yake. Mtu aliyefundisha insha miaka thelathini na minne hapendi kujiona hivyo. Nilifunga daftari.

Mwezi Juni daktari alinieleza. Ni ugonjwa wa kusahau, ndiyo kwanza umeanza. Unaweza kwenda polepole, alisema. Nilimshukuru.

Basi nimeamua kupanga mambo yangu kabla haujanipangia. Kuna hati za uwakili. Ukiwa na akili timamu unamteua mtu atakayeamua kwa niaba yako siku utakayoshindwa. Hapa Ontario ni hati mbili: moja ya mali, nyingine ya mwili, yaani matibabu, malazi, chakula, usafi. Nimemteua Anastasia, binti yangu, kwa zote mbili. Anaishi Calgary, lakini ni mtoto wa kumzaa. Hakuna ofisi itakayombishia.

Nilikaa mezani saa moja, nikaamua. Peke yangu. Nimeridhika.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Nimeonana na wakili. Anaitwa Nurjehan. Wazazi wake walikuwa na duka Mwanza, na yeye alihamia hapa akiwa msichana. Nilimchagua kwa sababu anasema Kiswahili. Kiswahili chenyewe — lahaula! "Mama, mimi nataka eleza wewe pole pole." Alama arobaini kwa sarufi. Kwa usikivu, mia. Hakuniuliza hata mara moja kama nimeelewa kwa sauti ile wanayotumia kwa wazee na watoto wachanga.

Amesema wanahitajika mashahidi wawili, na ofisi yake inaweza kuwatoa wote. Nilikataa. Kwetu Kagera jambo la ukoo hushuhudiwa na ukoo. Mtu haweki mkono kwenye jambo zito mbele ya watu wasiojua hata jina la mama yake. Wakili alisema sawa, mmoja wake, mmoja wangu, na akanipa karatasi ya masharti.

Nimeisoma mara tatu, kwa kalamu nyekundu. Shahidi asiwe mume, asiwe mtoto, asiwe yule aliyeteuliwa. Vizuri. Nitamleta Valerian. Kwa makaratasi yeye ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Hilo halikatazwi.

Karatasi ilikuwa na upande wa pili. Upande huo nilisoma vichwa vya habari tu. Naandika hili kwa uaminifu.

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Darlène, jirani yangu wa mlango wa mbele, Mkongo, amesikia habari. Sijui kwa nani. Katika jengo hili kuta zina masikio na lifti ina mdomo. Alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, kama kila Jumatatu, akalishikilia, hakulitua mezani. Aliniuliza kwa nini sikumchagua yeye kuwa shahidi. Nikamwambia kwamba ni jambo la ukoo.

"Maman Mwalimu, miaka sita unakula sombe yangu. Siku ya papier, mimi nakuwa mgeni?"

Nilimwambia asikasirike. Alisema hakasiriki, ila leo sombe haina karanga, karanga ni za ukoo. Kisha akacheka mpaka akakaa. Nilicheka kidogo. Karanga zilikuwamo.

Jumatano, 22 Oktoba 2025

Hatukusaini. Naandika kwa utaratibu ili nisipoteze hata kitu kimoja.

Ofisi iko juu ya duka la dawa, barabara ya Islington. Valerian alikuja moja kwa moja kutoka ghalani kwao, kule karibu na uwanja wa ndege, na koti la kazi lenye mistari ya kung'aa. Nilimtuma akanawe uso. Ana miaka arobaini. Alikwenda.

Kwanza wakili alinihoji peke yangu, mlango umefungwa. Lazima ahakikishe kwamba akili ingalipo. Nina mali gani? Nani ananitegemea? Anastasia akiitumia hati vibaya nitafanya nini? Naweza kuifuta lini? Nilijibu yote. Sikurudia jibu, sikutafuta neno. Mwishoni nilimkumbusha kwamba hakuuliza kuhusu kiwanja cha Bukoba. Alicheka, akakiandika. Mimi sikucheka, lakini nilitoka kifua mbele kama siku ya kupokea matokeo.

Kisha wakaitwa Valerian na Shaun, karani wa wakili, shahidi wa pili. Shaun alibandika vikaratasi vya njano mahali pa kusaini. Nilikataa kalamu ya ofisi, nikatoa yangu. Valerian akasogea.

"Mama, miwani iko kichwani."

Wakili aliinua uso. Kama asingejua Kiswahili, tungekuwa tumemaliza. Alimwuliza Valerian kwa Kiingereza ana undugu gani nami. Valerian alijibu haraka: mtoto wa mdogo wake. Wakili akanigeukia mimi. Alisema kila mtu anaita kila mtu mama, anajua, hata yeye aliitwa hivyo sokoni Mwanza akiwa na miaka kumi. Lakini sheria inamtaka aulize.

"Huyu ni nani yako, Mama?"

Nilijua jibu lililotakiwa. Nililijua kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mwaka 2008, Valerian alipokuja huku kusoma chuo, fomu iliuliza undugu wetu, nami nikajaza: mtoto wa marehemu mdogo wangu. Lilikuwa jibu sahihi. Ningelirudia, tungesaini kabla ya saa sita mchana. Valerian alinitazama, akanisihi kwa macho ninyamaze.

Nikasema, "Ni mwanangu. Nilimpokea ana miaka mitatu, na surua mwili mzima. Nilimfundisha kusoma. Nilimchapa aliposema uongo. Ni mwanangu wa kwanza. Anastasia ni wa pili."

Wakili aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Sheria haimkatazi mtoto wa kuzaa peke yake. Inamkataza pia mtu yeyote ambaye umeonyesha nia ya kudumu ya kumtendea kama mtoto wako. Iko kwenye upande wa pili wa karatasi. Shaun alianza kubandua vikaratasi vyake.

Nilimwomba wakili anisomee kifungu hicho. Alisoma. Nikamwomba asome tena. Nikauliza kama inatakiwa hati ya mahakama, au cheti. Hapana, alisema, wanaangalia jinsi mlivyoishi. Nilimwambia kwamba hiyo ni sheria iliyoandikwa na mtu mwenye akili.

Kisha nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Kama nchi hii inamhesabu Valerian mwanangu kiasi cha kumzuia asishuhudie, kwa nini hawezi kuteuliwa? Wakili alishangaa. Nani amesema hawezi? Naweza kumteua yeyote ninayemwamini, ndugu au si ndugu. Ni mimi niliyeandika jina moja.

Kosa ni langu. Nilidhani ofisi za huku zinatambua damu tu, nikawaamulia wao.

Ndani ya basi, tulipokaribia kituo cha Kipling, Valerian aliniambia:

"Ungenyamaza tu, Mama. Ningesaini, yangeisha."

Nilimwambia sitaanza hati za uzee wangu kwa uongo. Alisema haikuwa uongo, ni karatasi. Akatazama nje. Kisha, bila kunigeukia, alisema miaka kumi na saba anajibu hivyo kila ofisi, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumkatiza.

Nilimfunga kifungo cha koti. Aliniacha nimfunge.

Alhamisi, 23 Oktoba 2025

Nimefurahi tangu asubuhi na sijamwambia mtu. Mwanangu wa kwanza. Nilisema mbele ya wakili na karani!

Nimeamua tena. Mali: Anastasia, ana kichwa cha hesabu. Mwili: Valerian. Yuko karibu, na mikono yake ni mipole. Nitawaarifu.

Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Nimempigia Anastasia. Nilimsomea mpango mpya. Alijibu kwa Kiingereza. Nikangoja. Akaanza upya kwa Kiswahili.

Nilitegemea ataumia, maana ni muuguzi, na mambo ya mwili ni kazi yake. Aliumia kidogo, nilisikia. Alisema yeye angejua maswali ya kuwauliza madaktari. Kisha akasema hata hivyo mtu aliye umbali wa ndege nne — alizidisha, ni ndege moja — hawezi kujua kama nimekula. Kwa hiyo ni sawa. Akauliza Valerian amejibuje.

Nilimwambia kwamba bado sijamwarifu.

"Kumwarifu? Mama, hujawahi kumwuliza Valerian kitu hata siku moja. Unampangia, naye anatii. Hili mwulize."

Nilimwambia achunge maneno yake. Aliyachunga. Lakini alikuwa amekwisha kuyasema.

Darlène amekubali kuwa shahidi. Nilikwenda mwenyewe kugonga mlango wake, nikaomba kwa maneno kamili. Alinisimamisha mlangoni muda mrefu akijifanya anafikiri. Alisema ataulizia kwanza kwa ukoo.

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Valerian alikuja baada ya misa. Nilimpikia ndizi na nyama. Alipomaliza kula nilimwuliza. Naandika neno hili kwa sababu ni kweli: nilimwuliza. Valerian, unakubali kuwa mtu wa kuamua juu ya mwili wangu nikishindwa? Nilieleza kwamba yeye hasaini chochote, mimi ndiye ninayesaini, lakini sitaki kuandika jina la mtu ambaye hajakubali.

Alivuta rasimu ya hati, akaisoma yote, na upande wa pili pia. Nilikiona kidole chake kikifuata mistari, kama nilivyomfundisha. Kikasimama kwenye maagizo yangu. Nimeandika hapo kwamba nitaishi katika nyumba yangu, ghorofa ya tisa, peke yangu, hadi mwisho. Ni sentensi nzuri. Niliitunga kwa siku mbili.

Aliuliza kama naweza kuiondoa. Nilisema hapana.

Alisema jiko hili ni la umeme, huwezi kusikia likiwaka. Alisema wiki mbili zilizopita alikuta sahani ya chuma ya jiko imekuwa nyekundu kwa moto na mimi nimekaa sebuleni nasoma. Hakuniambia wakati ule, alizima tu. Sikuwa na habari. Nilimtazama kana kwamba ananieleza habari za jirani. Alisema nyumbani kwake Mount Dennis kuna chumba cha chini chenye mlango wake na dirisha linaloona bustani, na kwamba hanihamishi leo, wala mwakani labda. Lakini siku ikifika atanihamisha.

Nikamwambia kwamba siku hiyo huenda nikakataa. Huenda nisimjue yeye ni nani, nikamfukuza mlangoni.

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza sasa, ungali unanijua. Siku hiyo utakaponifukuza, niondoke, au niingie?"

Miaka thelathini na minne niliwauliza watu maswali. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mimi swali kama hilo na kungoja jibu, mikono mezani, bila kuinamisha uso.

Nilisema, "Uingie."

Alishusha pumzi. Lakini hakuchukulia kwamba yamekwisha. Alisema kama ataingia, basi sentensi yangu haiwezi kubaki, kwa sababu itamfunga mikono mlangoni. Akasema jambo ambalo nitalinakili kama lilivyotoka, bila kubadili kitu:

"Nikikubali, nitaamua kweli, Mama. Sitakuwa karani wako."

Mtu mwingine angekasirika. Nilikasirika, kwa kiasi cha dakika moja. Kisha nikaona kilichokaa mbele yangu. Huyu ndiye niliyemlea. Si yule anayekwenda kunawa uso anapoambiwa. Huyu. Nilitaka Nurjehan awepo, na Shaun na vikaratasi vyake vya njano, wamwone.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sentensi yangu haiondoki mpaka nione itakayokaa mahali pake, na kwamba aiandike yeye. Nilimpa karatasi safi. Aliniuliza kama nitaisahihisha. Nilisema sitaigusa.

Kwa hiyo sasa ni saa kumi jioni. Yeye yuko jikoni anaandika, mimi niko hapa sebuleni naandika. Amekata mistari mara mbili, nimesikia kalamu. Ameniita mara moja kuuliza kama naogopa zaidi kuhamishwa au kuachwa. Nimemwambia aandike yote mawili. Miadi ya wakili ni Jumatano, saa nne asubuhi, na Darlène ameshapiga pasi kitenge chake.

Amesukuma kiti. Anakuja na karatasi. Kalamu nyekundu nimeiweka chini ya mto wa kochi na nimeikalia. Nikishaamua kati ya sentensi yangu na yake, nitaandika hapa, kwa mkono wangu mwenyewe.