Bendera Kifuani mwa Majidi

Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimegombana na bodaboda pale Msimbazi. Kwenye madigadi ya nyuma kabandika bendera ya Wamarekani wale waliopigana vita ili waendelee kumiliki watumwa. Nikamsimamisha. Unajua hii ni nini? Akasema ya Norwei, mzee. Norwei! Nikamtolea somo zima juani, abiria wake anasonya. Nilipomaliza akaniuliza, sasa unapanda au hupandi?

Nimerudi koo kavu, moyo mweupe. Siku hizi hata wa kubishana naye hapatikani. Zamani Kariakoo hii ukifungua mlango unakuta hoja imeshawashwa barazani, kazi yako ni kuchagua upande tu. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho ya chini mtaani. Ghorofa zimetuzunguka, jua tunaliona saa sita tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Afadhali ningebaki na yule wa Norwei.

Majidi, mtoto wa dada yangu Sitara, anaoa Jumapili ya tarehe 24. Nikahi asubuhi kwa kanzu. Jioni ukumbini Mchafukoge, na wanaume wa upande wetu tutaingia kwa sare. Nilitegemea kitenge. Leo nimeitwa kupima. Rafiki yake Godbless, Mchaga muuza mitumba Mtaa wa Kongo, kafungua belo kapata jezi za raga, za kijani, ukosi mweupe, zote sawasawa kama za kiwandani. Nzuri. Sikatai.

Nikaitazama upande wa moyo. Kibendera. Chungwa, nyeupe, buluu, na katikati vibendera vitatu vidogo kama chawa.

Ya makaburu! Ile yenyewe!

Nikawauliza, mmeiona hii? Godbless akajibu kwa adabu zake zote: ya Sauzi hiyo mjomba, ya kizamani, ndiyo inayozifanya ziwe adimu, watoto wa mjini wanazitafuta kwa tochi. Majidi akanikata jicho. "Mjomba, tafadhali. Usianze."

Nikaanza.

Jumapili, 17 Agosti

Sikulala vizuri. Namfikiria Allen.

Alikuja mwaka 1977, mkimbizi kutoka huko huko Sauzi, na marehemu baba akampa chumba cha mbele. Mrefu, mwembamba, anacheka kabla hujamaliza kichekesho. Kiswahili alijifunzia kwetu watoto, kwa hiyo alizungumza kama mtoto. Alimwita baba "wewe" mpaka mama akamrekebisha.

Kila asubuhi alichukua chaki, akapiga magoti, akaichora bendera ile kizingitini, rangi tatu na vile vitatu vya katikati. Kila anayetoka aikanyage. Baba anakwenda kazini, anakanyaga. Mama anakwenda sokoni, anakanyaga na kusema bismillahi. Sisi watoto tukaifanya mchezo. Mguu mmoja kwenye chungwa, ruka nyeupe, tua buluu. Ukigusa mstari umeliwa. Jioni imeshafutika yote. Kesho anaichora upya, na hatukumwuliza mpaka lini.

Sitara ndiye aliyekuwa anamnunulia chaki. Baba alijua. Mtaa mzima ulijua. Usiku redio ikisoma habari za mapambano, wale wawili walikaa benchi moja, katikati yao bakuli la kashata ili heshima iwepo. Posa ilikuwa imeshapokelewa aliposafiri kwenda kusini. Alisema atarudi kabla embe hazijaisha msimu ule.

Habari ilikuja na mtu. Alivua kofia kabla ya kubisha hodi.

Aliyekuja kumwoa Sitara, miaka mingi baadaye, hakupenda jina lile litajwe humu ndani. Sitara akalifungia. Mume naye kafariki, mwaka wa kumi sasa, na jina bado limefungiwa. Majidi hajawahi kulisikia.

Jumatano, 20 Agosti

Vita kwenye grupu la ukoo. Nimeandika aya tisa. Nimewakumbusha kwamba mji huu uliwalaza wapiganaji, uliwalisha, uliwazika. Kwamba shuleni tulichanga senti zetu za maandazi kwa ajili yao. Kwamba mtu havai kiboko alichochapwa jirani yake kwa sababu rangi yake inapendeza!

Majibu: vikatuni vya kulia kwa kicheko. Binamu Seifu kauliza kama biriani itakuwa ya kuku au ya ng'ombe.

Kisha Majidi, sauti, sekunde chache. Mjomba, umegombana na magazeti yote, umebaki na harusi yangu. Jezi ni jezi. Usiyevaa sare, usije.

Kwetu neno hilo ni zito. Kukataa sare ni kutangaza kwamba umetoka kwenye ukoo. Shangazi Maimuna alikataa dera la maulidi miaka ile, mpaka leo anapewa sahani yake peke yake. Na baba yake Majidi hayupo. Wa kumshika mkono kumwingiza ukumbini ni mimi. Mimi niliyemfundisha baiskeli pale Mnazi Mmoja, nikikimbia nyuma na kumwongopea kwamba bado nimeshika.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimependekeza tubandike ua la harusi juu ya kibendera. Godbless kakubali haraka. Kijana huyu ana moyo. Majidi kakataa, picha zitaharibika.

Nikamwendea dada, anachambua mchele. Jezi hajaziona, wamezificha kwa Godbless wamshtue siku yenyewe. Nikasema, Dada, nataka nimweleze Majidi habari za zamani. Hakuinua uso. "Zahoro, harusi hii nimeiomba kwa Mungu. Siasa zako ziache nje na viatu."

Nikaziacha nje.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika chumbani, nimevaa singlendi. Haraka.

Nikahi imekwenda salama. Alasiri vijana wakabadilisha. Na mimi. Ndiyo, nilivaa! Nilijiangalia kwenye kioo, bendera kifuani, nikageuza uso. Nikajiambia, mtoto ni mmoja, hoja ziko nyingi.

Matarumbeta yameshafika nje. Tukajipanga ukumbi wa nyumba, Majidi mbele, mimi kando yake. Dada akatoka chumbani na vigelegele mdomoni. Vikakatika.

Alipita kifua kimoja kimoja kwa macho. Kwangu akasimama.

"Hata wewe, Zahoro?"

Aliyeulizwa hivyo ndiye aliyeandika aya tisa. Mimi!

"Vua."

Nikavua, mbele za watu, nikabaki na singlendi. Akaichukua, akaenda nayo mpaka mlangoni, akaitandika kizingitini, bendera juu. Akainyoosha mikunjo kwa kiganja, kama anayetandika mkeka wa mgeni.

"Nyumba hii tunatoka hivi. Kanyaga."

Majidi akacheka kidogo, akifikiri ni mila. "Mama, hiyo ndiyo sare."

"Naiona. Ni bendera ya waliomuua Allen."

Tangu aolewe sijalisikia jina lile kinywani mwake. Lilitoka laini, halina kutu.

"Allen ndiye nani?"

Nilifungua mdomo. Dada akaniinulia kidole, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mtoto. "Nenda kavae shati."

Ndiyo niko huku. Shati ninalo mkononi. Nje mpiga ngoma anagonga ukuta, bwana harusi vipi, foleni! Simu ya ukumbini inaita, hakuna anayepokea. Kupitia pazia naona vijana wamebana ukutani, Godbless kafunika kifua kwa kiganja. Majidi yuko mlangoni, kiatu cheupe kimoja ndani, kingine kakiinua, hajakishusha.

Dada amevuta kigoda. Ameketi pale pale, katikati ya njia, na lile gauni lake la dhahabu.

"Alikuwa anapanga chumba cha mbele," anasema. "Chaki nilikuwa nikimnunulia mimi."