Vitanda Vilivyoelekea Baharini

Buleleng, 3 Februari 1988

Mpwa wangu Kadek,

Salamu tele kutoka huku kwetu. Hujambo? Unakula? Mimi ni mzima kama jogoo wangu mwekundu, yule aliyewachapa majogoo wa wilaya nzima mpaka wenyewe wakaniomba nimstaafishe. Meno tu ndiyo yananisumbua.

Habari kubwa: mama yako amekubali kuingia kwenye wodi yako mpya huku kwetu. Nani kamshawishi? Mimi! Mganga alishindwa, mkuu wa kijiji alishindwa, na yule daktari mwenye miwani alikimbia na kiatu kimoja. Mimi nilikaa naye barazani, nikamtengenezea tambuu, nikamwambia, "Dada, mwanao kachora hospitali ya wagonjwa wa akili inayozishinda hoteli za watalii."

"Nengah, wewe ni mwongo tangu tumboni."

"Safari hii sidanganyi."

"Ina makufuli?"

"Haina."

Akatafuna, akatema. "Nikilala, kichwa kitakuwa upande gani?"

Hapo nilikwama, na mimi si mtu wa kukwama. Unajua zile sauti zikimjia, kinachomtuliza ni kuujua mlima uko wapi. Asipoujua anazungukazunguka chumbani mpaka anaanguka. Basi niandikie, nimsomee. Kasema maneno yangu hayataki, anataka yako.

Mjomba wako,
Nengah

*

Denpasar, 11 Februari 1988

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na meno yametulia. Mimi sijambo, ni kazi tu.

Msomee Mama hivi: Mama, wodi hii nimeichora nikikuwaza wewe. Milango inafunguliwa kwa ndani. Kila mtu ana dirisha lake. Bafuni kuna pipa na kata, mtu anajimwagia mwenyewe, haogeshwi kwa mpira wa maji kama ng'ombe. Na kila kitanda, kichwa kiko upande wa mlima. Nimeandika kwa mkono wangu kwenye ramani. Utalala kama mtu hai anavyolala kwetu.

Mjomba, usiongeze chumvi. Tangu Baba anilete huku Denpasar, nikiwa mdogo hata kamba za viatu sijui kufunga, sijawahi kumfanyia Mama kitu chochote. Hiki ndicho.

Mwanao,
Kadek

*

Buleleng, 20 Machi 1988

Kadek mwanangu,

U hali gani? Huku afya tunayo, ila mvua haitaki kwenda kwao.

Mama yako nilimpeleka kwa lori la karafuu. Dereva alikuwa mwoga wa kona, nikashika usukani mwenyewe. Lori lilipaa, Kadek! Mama yako akacheka. Hilo la kucheka ni kweli tupu. Barua yako alikuwa ameiweka kifuani.

Jana nilikwenda kumwona. Nilimkuta sakafuni, kajibana kati ya kitanda na ukuta, mkono umefungwa kwenye mguu wa kitanda. Wenzake nao wako chini, wodi nzima. Vitanda vitupu, vinang'aa.

Nesi, msichana mgeni aliyetoka kisiwa cha Java, hajui desturi zetu, akaniambia, "Mzee, ndugu yako mkaidi. Tukimpandisha kitandani anapiga mayowe, anampiga kila mtu. Ndiyo maana tumemfunga."

"Mmemfunga?"

"Kwa kitambaa laini, Mzee."

"Basi njoo nikufunge na wewe. Mimi nitatumia hariri."

Mama yako akanivuta nguo. "Nengah, hawa wametulaza kama maiti. Kichwa baharini, miguu usoni mwa mlima. Mwanangu ndiye aliyetaka hivi?"

Nikasimama dirishani, nikatazama. Ni kweli, Kadek. Vichwa vyote vinaelekea baharini. Nilitaka kukigeuza kitanda chake kwa mkono mmoja, unanijua, lakini vimekazwa sakafuni kwa bolti.

Nimemwambia si wewe. Nijibu haraka.

Mjomba wako,
Nengah

*

Denpasar, 28 Machi 1988

Mjomba,

Shikamoo. Natamani kuuliza hali zenu, naogopa jibu.

Ni mimi. Huku Denpasar mlima uko kaskazini, nimekua nikiuona huko. Basi nikachora vichwa vyote kaskazini, nikaandika pembeni "upande wa mlima", nikaona nimemaliza. Huko kwenu kaskazini ni bahari, mlima uko kusini. Nilizaliwa huko, Mjomba, nikasahau. Na bolti ni zangu pia. Niliogopa wasije wakaumizana.

Nimeomba vigeuzwe, nikaambiwa nisubiri kikao. Sisubiri. Jumamosi tarehe tisa nakuja na spana. Mwambie Mama nimekosea mimi, wala si mtu mwingine. Mwambie anivumilie mpaka Jumamosi.

Mwanao,
Kadek

*

Buleleng, 2 Mei 1988

Kadek mwanangu,

Sijui kama unakula. Mimi nipo. Leo sitii chumvi.

Ulifika Jumamosi ile ukakuta tumeshamzika mama yako, maana kuhani alisema siku njema ni asubuhi ile na nyingine iko mbali. Ukautua mfuko wa spana uani kwangu, ukageuka, ukarudi Denpasar. Nimekuandikia tena, kimya. Basi nakuandikia ambayo hukuuliza.

Barua yako nilimsomea yote. Alisikiliza, akasema, "Maskini, kasahau kwao. Alikuwa mdogo mno." Akamwomba nesi amfungue mkono, akafunguliwa. Alhamisi ya wiki ileile mchana, wenzake wakila, aliufungua mlango kwa ndani akatoka na mvua.

Sasa wakubwa wa hospitali wanataka kutia makufuli. Wanasema mlango wako ndio uliomuua. Nimewaambia mlango haukumtoa mtu, kilichomtoa ni kitanda. Wamesema watasubiri neno la mwenye ramani.

Vitanda tumegeuza. Mfuko wako niliubeba mimi, nikaenda na wanaume wa kijijini, hatukuuliza kikao cha nani. Siku nyingine ningekwambia nilifanya peke yangu. Tulikuwa wengi, bolti zilikuwa zimeshika kutu, mgongo wangu mpaka leo haunyooki. Yule nesi alishika upande wa pili wa kitanda cha mama yako, akilia. Tulipomaliza, watu walipanda vitandani wenyewe. Hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo andika, Kadek. Kama mimi hutaki kuniandikia, waandikie wao kuhusu makufuli.

Na jambo la mwisho. Watu watakwambia alipotea, alizunguka mvuani kama kichaa mpaka akaanguka. Mimi ndiye niliyemkuta. Alikuwa juu kwenye mashamba ya karafuu, amepanda moja kwa moja, hakukosea njia. Baridi ndiyo iliyommaliza. Hakuanguka, alijilaza. Ndala zake alizivua, akazipanga pembeni kama mtu aliyefika chumbani kwake. Barua yako, ile ya kwanza, ilikuwa chini ya shavu.

Alikuwa amelala vizuri, mwanangu. Kichwa upande wa mlima.

Mjomba wako,
Nengah